Paa wa Kobe

Ukungu ulipoteremka Lushoto asubuhi ile, Tunu Shekalaghe alikuwa keshakaa mkekani. Si mkeka wa sakafuni. Huo ulikuwa umekunjwa pembeni, una vumbi la kumwaibisha mwenye nyumba. Mkeka wenyewe ulikuwa mtandaoni, na juu yake walikaa wasomaji wa kila pembe inayotafuna Kiswahili: wa Kisumu, wa Bukavu, wa Wete, wa Songea, hata waliolowea Maskati. Mgeni akiingia huuliza, "Nafasi ipo?" na aliye karibu hujibu, "Sogea, usikanyage kurasa." Kisha mgeni anataja kitabu anachokisoma. Asiye na kitabu hafukuzwi, ila anatazamwa hivi mpaka akitafute.

Tunu alijifunga ukindu wake kipajini. Jina hilo lilitoka kwa watani wa mwanzo wa Mkeka, waliosema kama mkeka husukwa kwa ukindu, basi na wao kila mmoja alete wake. Ni utepe mwembamba, mwepesi, na ukishauzoea unausahau. Mtu akisoma ameuvaa, hunasa kivuli cha usomaji wake: jicho liliposita, pumzi ilipopanda, na zile picha zinazopita akilini ambazo mwandishi hakuziandika. Mwingine akikichukua kivuli hicho akafungua kitabu kile kile, wanasoma wawili. Maneno yanabaki ya mwandishi, macho ni yake mwenyewe, na picha za mwenzake zinamjia kwa pembeni kama harufu ya chakula cha jirani.

Kazi ya Tunu ilikuwa kulinda vivuli. Alivipokea, akavipanga, akawaondoa waliosoma huku wamelewa. Asubuhi hiyo, kabla ya kuanza kazi, alijipa kidogo cha kwake kama mpishi anayeonja mchuzi. Alifungua *Wenye Kulala Nje* na kuchagua kivuli cha Kobe.

Kila mtu mkekani alipenda kusoma na Kobe. Alikuwa mzee fulani aliyeficha jina lake na kusoma polepole mno, na ndiyo sababu ya lakabu. Ukisoma naye unajikuta unaketi juu ya sentensi, unaisikiliza inavyopoa. Kwenye mizaha hafifu, ambayo wajuzi huibeza, alikuwa anacheka cheko la ndani kwa ndani, na wewe unacheka usijue kwa nini. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kivuli chake kilibaki, na watu waliendelea kukaa naye kama hajaondoka.

Tunu alikuwa amesoma peke yake tangu utotoni, akiwa na haraka ya kufika mwisho kama mtu anayekimbizwa. Kobe ndiye aliyemfundisha kusita. Alimpenda mzee ambaye hakuwahi kumwona, na hakuona haya kusema hivyo.

Kitabu chenyewe kilihusu mji wa baadaye ambako vyumba hupangishwa kwa saa, na asiye na cha kulipa hupanda mlimani kulala na wenziwe. Shujaa wake, Kasimu, amefukuzwa kwenye chumba cha mwisho. Na hapo ndipo ilipo sentensi iliyougawa Mkeka: *Usiku ule alilala kilimani akiota paa.*

Mwandishi, binti wa Tukuyu aitwaye Anyisile, alikuwa ameandika alichokiandika. Mtu hana nyumba, anaota paa la nyumba. Lakini Kobe alipofika pale hakuona bati. Aliona mteremko, na mtoto wa kike wa miaka kama saba akiteremka mbio, miguu myembamba, visigino havigusi chini. Alivaa gauni la rangi ya chungwa, na kwenye pindo la gauni uzi mweupe ulikuwa unaning'inia. Hapo Kobe alisimama. Alisimama muda mrefu, neno "paa" likimrudia na kumrudia, mpaka wasomaji wakazoea kutaniana, "Umefika pale Kobe alipolala?"

"Paa huyu au paa hili?" ndilo lilikuwa swali la kila mgeni. Anyisile mwenyewe aliwahi kuingia mkekani akaandika, "Jamani, mimi niliandika paa la bati. Huyo mwenye miguu ametoka wapi?" Wakamjibu kwamba kazi yake ilikuwa kuandika, kusoma awaachie wenyewe. Hakuna kitabu kilichopendwa mwaka ule kama hicho, na hakuna aliyekipenda kwa sababu ya bati.

Uzi nao ulikuwa na wanazuoni wake. Chai Kavu wa Kisumu aliapa kwamba ni uhai wa mtoto, unafumuka taratibu. Mwalimu mmoja wa Songea aliandika makala ndefu kuthibitisha kwamba ni taifa lisilomaliziwa. Mwali wa Wete akasema huenda fundi alikuwa mvivu tu, wakamcheka siku nzima.

Asubuhi ile Tunu alifika pale, mtoto akapita, uzi ukipepea nyuma yake, naye akakaa na Kobe bila haraka. Nje, kwenye nyavu za kuvunia ukungu, matone yalikuwa yanadondoka ndani ya tangi. Alipoinua macho aliukuta ujumbe wa mtu asiyetaja kitabu chochote.

*Mimi ni Mwanamkuu, mke wa marehemu Hatibu Kaoneka, mnayemwita Kobe. Niko Soni. Mtoto mnayemtazama ni wangu. Naomba mnirudishie.*

*

Tunu alimwelekeza kwake, naye akaja mwenyewe kesho yake, ukungu ukiwa bado umekaa mlangoni.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mkeka?"

"Mimi naulinda tu. Wenyewe ni wengi."

"Basi hapo ndipo ugomvi wetu ulipo," alisema Bi Mwanamkuu, akavua viatu na kuingia.

Alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda kanga mbili juu ya koti, na alikaa wima kama aliyekuja kuposea. Tunu alimletea chai ya tangawizi. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili bila kunywa.

"Nilikuwa kwa msusi," alianza. "Mabinti wawili wanazungumza kitabu, mmoja machozi yanamlenga. Anasimulia mtoto anateremka mlima. Nikamuuliza, mtoto wa nani huyo? Akanijibu, 'Wa kitabuni, bibi.' Nikasema haya. Kisha akataja gauni la chungwa. Kisha akataja uzi."

Tunu alikiweka kikombe chake chini.

"Mtoto wetu jina lake Subira, lakini hakuna aliyemwita hivyo, maana hakuwa nayo. Tulimwita Paa. Idi ilikuwa inakaribia, tukampeleka kwa fundi kupima. Pindo bado, fundi amelishikiza kwa uzi wa kupigia bandi tu. Alipojiona kwenye kioo akaruka kibarazani, huyo mteremkoni, na fundi nyuma yake na tepu shingoni. Tulicheka mpaka Hatibu akakaa chini. Wiki ile ile homa ikamshika. Idi haikumkuta."

"Pole sana, mama."

"Nishapoa. Ni zamani." Akakizungusha kikombe. "Lile gauni sikulifuata kwa fundi. Na Hatibu hakulia. Arobaini haijafika, ameshika kitabu. Tangu siku ile mpaka namfunga kidevu, hakuwahi kulitaja jina lile mbele yangu. Nikasema basi, mwanamume huyu amemzika mtoto na jina lake. Nimeishi naye hivyo, mwanangu. Sasa nasikia kumbe alikuwa naye muda wote, anawaonyesha watu. Mimi hakunionyesha."

Matone yaliendelea kudondoka nje. Tunu akajificha nyuma ya kazi yake kama wafanyavyo wenye kazi. Alieleza kwamba kivuli hakikatwi. Hakuna namna ya kumtoa mtoto ukaacha cheko la mzee na kusita kwake. Vyote vimepikwa chungu kimoja, na sukari ikishayeyuka kwenye uji haitolewi. Ama kivuli chote kibaki, ama kiondoke chote.

"Basi kiondoke chote."

"Mkekani tuna msemo, mama. Kilichotandikwa hakikunjwi. Marehemu alikileta mwenyewe, kwa hiari yake."

"Alileta cha kwake. Cha kwangu aliniuliza?"

Kanuni za Mkeka zilimpa mrithi haki ya kuomba, na zilimpa mlinzi haki ya kukataa kwa faida ya wengi. Ni yeye aliyeziandika, siku moja ya uvivu, bila kufikiri kwamba upande wa pili wa kanuni kuna mtu anayekuja na viatu vyake mkononi. Aliwafikiria wasomaji. Kulikuwa na mtu wa Bukavu aliyeandika kwamba mtoto yule ndiye anayemwamsha asubuhi. Akajifikiria na yeye mwenyewe, akaogopa kama mtu anayeambiwa nyumba anayoishi ina mwenyewe.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema. Alikunywa chai yake iliyopoa, akalimeza nalo.

"Umewahi kumwona, mama? Huyo mtoto, kwa ukindu?"

"Mimi? Macho yangu hayana subira na vitabu. Hatibu alisoma kwa ajili ya watu wawili."

"Basi kabla sijakiondoa, msome naye. Halafu utakachoamua nitakifanya. Nakuahidi."

Bi Mwanamkuu aliutazama ule utepe mkononi mwa Tunu kwa muda. "Nipeleke hapo hapo kwa mtoto."

"Haiwezekani. Kivuli kinafuata jicho. Ukiruka kurasa, chenyewe kinabaki nyuma. Itabidi uanze mwanzo."

"Hatibu mjanja," alisema bibi yule. "Hata amekufa ananisomesha."

*

Akawa anakuja mchana, ukungu ukianza kupanda tena kutoka bondeni, anakaa dirishani na miwani juu ya pua na ukindu juu ya miwani. Tunu alikaa meza ya pili akipanga vivuli. Mwanzoni bibi alisoma kwa hasira, akifunua kurasa kama anayetafuta mwizi ndani ya nyumba. Lakini kusoma na Kobe hakukubali hasira. Taratibu vidole vyake vikalegea, na maneno yakaanza kumtoka.

"Huyu Kasimu mjinga. Anampa mwenye nyumba saa yake ya mkononi ili iweje?"

"Endelea tu, mama."

"Naendelea. Lakini mjinga."

Siku nyingine alishtuka, akashika kifua. Tunu akainuka haraka.

"Anacheka," alisema Bi Mwanamkuu. "Hapa, kwenye mzaha wa mbuzi na mpangaji. Mzaha hauna kichwa wala miguu, na yeye anacheka. Nimemsikia humu." Akajigusa chini ya koo. "Nyumbani alikuwa kama kabati. Kumbe anachekea mbuzi."

"Sisi sote tunacheka hapo."

"Mnamjua kuliko mimi," alisema, safari hii bila ugomvi.

Wakati mwingine alisinzia na ukindu kichwani, kitabu kikiwa wazi mapajani, na Tunu hakuthubutu kumwamsha. Hakuna anayejua kivuli kinafanya nini msomaji akilala. Ukungu uliingia hadi ndani, ukakaa juu ya viti, na Tunu alihisi kwamba chumbani walikuwa watu watatu. Mmoja wao alikuwa anasoma.

Jambo alilolimeza lilikuwa linamrudia. Usiku analilaza, mchana linaamka kabla yake. Alijua kwamba akikifuta kivuli cha Kobe atamfurahisha mjane na atakuwa amemdanganya. Pia alijua kwamba akimwambia ukweli, huenda mjane akaondoka na moyo mzito kuliko aliokuja nao. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na Tunu alikuwa amenyamaza kwa raha kuliko anyamazavyo asiye na hatia.

Kisha ikafika sentensi ile.

Tunu hakuhitaji kuambiwa. Aliona jicho la bibi likifika katikati ya ukurasa na kutua. Hakupepesa. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama ya mtu anayetaka kuitika. Akabaki hivyo mpaka matone ya nje yakaanza kusikika moja moja. Tunu alifikiri atalia, lakini uso wa Bi Mwanamkuu ulikuwa umetulia sana, na kwa namna fulani umekuwa wa kijana.

Mwishowe alivua miwani.

"Hivi hapa mnasemaje, huko mkekani? Mliniambia mna utani."

"Tunasema Kobe amelala. Maana anasimama, na neno linamrudia. Paa, paa, paa. Tunadhani alikuwa analitafakari, kama ni la nyumba au la mnyama."

"Hakuwa anasoma," alisema Bi Mwanamkuu. "Alikuwa anamwita."

Mara ngapi Tunu amepita pale, na wangapi wamepita, wameketi karibu na baba anayemwita mwanawe, wakajadili ngeli?

"Anamwita kama tulivyokuwa tunamwita jua likizama, arudi ndani," aliendelea bibi. "Sauti ile ile, ya kuvuta. Paaa. Miaka yote hiyo nilidhani ameliacha jina kaburini. Kumbe alishindwa kulitoa nje tu. Lilikuwa linamzunguka humu ndani halina mlango." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta. "Angeniambia. Tungemwita wote."

Chai haikupikwa. Ukungu ulipoanza kuinuka, Bi Mwanamkuu alifungua kile kifundo cha ukindu kichwani, akaukunja utepe vizuri kama leso.

"Nimeshamwona. Sasa kiondoe unipe mimi. Si kwa hasira. Ni cha nyumbani kwangu."

Tunu alijua kwamba akisubiri hata kidogo hatasema tena.

"Nitakiondoa, mama. Leo hii. Lakini kuna jambo nilikuficha tangu siku ya kwanza. Nikimwondoa Kobe, mtoto haondoki."

"Vipi?"

"Waliosoma na Kobe, wengi wamerudia kitabu peke yao, na wakaleta vivuli vyao. Wakifika pale, hakuna anayewaonyesha kitu, na bado wanamwona. Ameshaingia kwao. Yuko kwenye vivuli vya mamia ya watu sasa, na hivyo si vya Hatibu, siwezi kuvigusa. Nilitakiwa kukwambia. Niliogopa."

Bi Mwanamkuu alitazama dirishani, kule nyavu zilikoanza kuonekana tena juu ya kilima.

"Ni yeye kweli?" aliuliza baadaye. "Au wamemgeuza?"

"Mbio ni zile zile. Miguu ile ile. Nguo ndiyo inabadilika, kila mtu anamwona na yake. Kuna mmoja wa Wete, kwake amevaa gauni la kijani lenye marinda. Wa Bukavu amemvika kitenge. Mwalimu wa Songea, pamoja na makala yake yote, kwake mtoto ana viatu vyekundu vya kamba." Tunu alisita. "Mimi kwangu ana sweta. Sijui, naona huku kuna baridi."

"Na uzi?"

Tunu alilazimika kufikiri, maana hakuwahi kuvitazama vivuli vile kwa jicho hilo. Alivipitia kichwani kimoja baada ya kingine.

"Uzi haupo," alisema. "Kwa Kobe tu. Kwa wengine wote pindo limeshonwa."

Bibi yule aliweka kiganja mdomoni. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika, na Tunu hakuweza kutambua ni kilio au ni kicheko cha siku ile ya fundi na tepu shingoni. Alipokishusha kile kiganja sauti yake ilikuwa imara.

"Cha Hatibu nipe," alisema. "Hao wengine waache. Mtoto hanyang'anywi nguo za Idi."

*

Kesho yake Mkeka ulikuwa kama nyumba iliyofiwa mara ya pili. Wamefungua kitabu, wametafuta kivuli cha Kobe, hakipo. Tunu aliandika kwamba kimerudi nyumbani kwake, na hakueleza zaidi. Wapo waliokasirika. Chai Kavu aliuliza kama mlinzi wa vivuli ana uchungu na wasomaji au ana funguo tu. Tunu aliyasoma yote, akayastahimili, na alipofungua *Wenye Kulala Nje* akaisoma sentensi ile peke yake, alisita bila kufundishwa. Mtoto akapita na sweta lake.

Mchana mgeni akaingia, kivuli chake kikiwa kipya kabisa.

"Nafasi ipo?" aliandika. "Mimi ni Mama Paa. Nasoma *Wenye Kulala Nje*. Yule Kasimu ni mjinga, lakini msiniambie inaishaje."

Kilio cha asubuhi kikageuka shangwe. Wakampisha, wakamuuliza anatoka wapi, wakamuuliza swali lao la kila mgeni, paa huyu au paa hili.

"Huyu," alijibu.

"Mwacheni," aliandika Chai Kavu, hasira zimemtoka. "Huyo ni mwenzetu. Kakipenda kitabu mpaka kajipa jina lake."

Tunu alikuwa keshaweka vidole kwenye maandishi, tayari kumsahihisha. Akaviondoa. Akaandika tu kama anavyoandikiwa yeyote anayekuja:

"Sogea, mama. Usikanyage kurasa."